Safari ya Muhuri

Fomu ya kwanza ilikuwa ya seremala anayeitengenezea manispaa madawati ya shule. Ilisema karakana yake inachoma lita mia nne na kumi na mbili za dizeli kwa mwezi. Ya pili ilikuwa ya mama anayepika chakula cha vikao vya madiwani, na yeye pia alikuwa anachoma lita mia nne na kumi na mbili. Afisa manunuzi alipofika kwenye fomu ya tisa, ya mzee anayefunga mifagio kwa mikono yake miwili barazani kwake, ambaye maishani hajawahi kumiliki hata pikipiki, na kukuta lita mia nne na kumi na mbili zinamsubiri pale pale, aliweka kalamu chini akacheka peke yake. Wenzake wa meza za jirani waligeuka kumtazama, kwa sababu kicheko chenyewe hakikuwa cha mtu mwenye raha.

Ofisini walikuwa wamembandika jina la Bi Moshi. Mwaka uliopita manispaa ilikuwa imepitisha uamuzi kwamba kila mtu anayeiuzia kitu au kuifanyia kazi, kuanzia mwenye lori la kokoto hadi mwenye mifagio, apime hewa ya ukaa inayotoka kwenye shughuli zake, kisha aahidi kwa maandishi kupunguza sehemu moja ya kumi ndani ya mwaka unaofuata. Uamuzi mzuri, hakuna aliyeupinga. Kilichobaki kilikuwa kumpata wa kuwafundisha hao watu namna ya kupima. Siku ya kikao cha kumchagua Bi Moshi alikuwa kwa daktari anang'olewa jino, na kama ilivyo kawaida ya vikao, kazi ikamwangukia asiyekuwepo. Wakampeleka mafunzo ya siku tatu. Akarudi na mfuko wa kitambaa, kalamu ya kijani, na faili la kompyuta ambalo ukiliandikia dizeli, kuni, gesi na umeme wa mtu, linakutolea kilo za hewa ya ukaa.

Miezi minne alizunguka karakana na majiko ya watu akieleza. Alieleza kwa mfano, alieleza kwa kuchora, alieleza mpaka koo likakauka. Wakaitikia wote, wakampa na kiti cha kukalia. Na sasa, Jumatatu ya wiki ya mwisho, fomu ishirini na sita kati ya ishirini na saba zilikuwa zinasema jambo moja kwa nambari moja.

Hakuhitaji kufanya upelelezi. Alivuka barabara mpaka kwenye kibanda kilichoelekeana na geti la manispaa, penye mashine ya kopi, mashine ya kuchapa, na mwanamume mwenye upara anayeitwa Fotokopi. Huyu ndiye anayewajazia wazabuni wote fomu zao zote tangu enzi na enzi. Bi Moshi alimwekea rundo mezani akamuuliza, kwa upole uliomgharimu, kama alijua mfunga mifagio anatumia dizeli kwa shughuli gani.

Fotokopi hakuona aibu hata chembe. Alieleza kwamba wa kwanza kuleta fomu alikuwa mwenye lori la kokoto, ambaye kweli lori lake linakunywa lita hizo, na fomu yake ilipokelewa bila kurudishwa. Basi yeye akaitunza ile nakala, akawa anabadilisha jina na anwani.

"Dada yangu, nina miaka kumi na minne hapa getini," alisema. "Fomu ikipita, huigusi tena. Tena ningewaandikia pungufu ningewaharibia. Serikali inataka mtu mwenye uwezo."

Bi Moshi alimweleza kwamba fomu hii ni kinyume cha zote alizowahi kujaza, kwamba hapa mwenye nambari ndogo ndiye mwenye sifa. Fotokopi alimtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyeambiwa uongo na wakubwa zake akauamini. Kisha akamwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa anawazibia wateja mlango.

Alirudi ofisini damu imemchemka. Na bado hakuwa amefika kwenye kilichokuwa kinamuuma hasa, yaani fomu ya ishirini na saba.

Hiyo ndiyo pekee ambayo haikupita kwa Fotokopi. Ilikuwa imejazwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini, na kila nambari ilikuwa na chimbuko lake. Dizeli ya gari lita mia moja na kumi na tatu. Umeme wa pasi, kwa siku na kwa saa. Jumla kilo mia tatu na tisini za hewa ya ukaa kwa mwezi. Ilikuwa ya dobi anayefua mashuka ya kituo cha afya, na huyo dobi alikuwa shangazi yake.

Kila mtu pale ofisini alilijua hilo, kwa kuwa Bi Moshi mwenyewe alikwishaliandika kwenye fomu ya kutangaza ndugu, na uamuzi wa mwisho wa zabuni hiyo ulikuwa kwa bosi wake. Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alimchukua akiwa na miaka saba na kumsomesha kwa mashuka. Shule ya msingi mashuka, sekondari mashuka, chuo mashuka. Hajawahi kumwomba upendeleo wowote. Hata kuingia ofisini kwake hajawahi, alisema asije akamletea maneno.

Tatizo la fomu yake lilikuwa kwenye swali la mwisho, linalouliza mzabuni atapunguza nini mwaka ujao. Shangazi alikuwa ameandika: Sina. Nilishapunguza.

Na ilikuwa kweli tupu. Miaka mitatu iliyopita, kabla hajasikia neno lolote kuhusu hewa ya ukaa, aliachana na kuni kwa sababu moshi ulikuwa unawaliza wafanyakazi wake na kuacha madoa kwenye mashuka meupe. Akajenga jiko linalochoma vumbi la mbao lililogandamizwa, lile linalotupwa na maseremala. Mashuka yanakaushwa na jua. Maji ya mwisho ya kusuuza yanakuwa maji ya kwanza ya kufulia kesho yake. Alikuwa amebana mpaka hapakubaki pa kubana. Lakini faili la kompyuta halikuwa na mahali pa kuandika "nilishapunguza." Lilitaka nambari, tena isiyopungua kumi kwa mia, na kila Bi Moshi alipoweka sifuri kisanduku kiliwaka nyekundu.

Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Ambaye kisanduku chake kitakuwa chekundu saa hiyo anaondolewa kwenye orodha, na kwa upande wa mashuka aliyekuwa anasubiri nyuma ya mlango ni kampuni ya mji wa jirani, yenye malori mawili na jenereta la kukaushia. Shangazi alikuwa na wanawake kumi na mmoja wanaofua pale. Kituo cha afya ndicho kilichokuwa kazi yao yote.

Bi Moshi alimpelekea bosi jambo lile. Bosi alikuwa mtu mpole asiyependa kuumizwa kichwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatoa dawa papo hapo.

"Muongezee," alisema. "Mwandikie hizo mia nne na kumi na mbili kama wenzake. Mwakani aandike mia moja na kumi na tatu, atakuwa amepunguza kuliko wote. Tutampa na cheti."

"Bosi, huo si uongo?"

"Ni makadirio," alisema bosi, akavuta faili lingine.

Kilichomkera Bi Moshi zaidi ni kwamba ilikuwa inafanya kazi. Aliporudi mezani alijaribu, na kisanduku kikawa kijani bila kinyongo. Kumbe mifumo yote ile, mafunzo yote yale na kalamu ya kijani, vilikuwa vimetengenezwa ili anayesema uongo leo apewe cheti kesho, na aliyefanya kazi mapema afukuzwe. Alikaa akiitazama ile rangi ya kijani kwa muda mrefu. Aliifuta. Kisha akairudisha. Hatimaye akaifuta tena, akachukua mkoba wake, na Jumanne asubuhi akaenda kwa shangazi yake badala ya kwenda ofisini.

Karakana ya kufulia ilikuwa nyumba ndefu yenye paa la bati, kilomita kumi na tisa kutoka makao makuu ya manispaa, nje kabisa ya mji. Ukiingia unakutana na harufu ya sabuni na joto la jiko, halafu safu za kamba uani na mashuka yanapepea. Wanawake walikuwa wawili wawili wanakunja. Shangazi alikuwa anapiga pasi, mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, miwani imefungwa kwa uzi. Alisema karibu bila kuacha pasi. Akamuuliza jino limepona? Jino lenyewe lilikuwa limeng'olewa mwaka mzima uliopita.

Bi Moshi alieleza. Alizunguka kidogo, akapaka mafuta, mwishowe akalisema lilivyo: bosi anataka waongeze dizeli.

"Niandike nachoma dizeli nisiyoichoma."

"Kwa mwaka mmoja tu, shangazi."

"Mwanangu, daftari langu lina miaka ishirini. Halijawahi kudanganya hata ndoo ya maji." Aliisimamisha pasi wima. "Wakitaka kuninyang'anya kazi waninyang'anye. Nitawaambia hawa wenzangu ukweli, na wewe utakuwa umefanya kazi yako. Usinifanye niwe muongo uzeeni."

Bi Moshi alihisi machozi ya hasira yanamjia, hasira ya kutojua amkasirikie nani. Alimwambia shangazi kwamba ana kichwa kigumu. Shangazi akasema kweli, na kwamba kinarithiwa. Wanawake waliokuwa wanakunja wakajitia hawasikii, wakakunja kwa kasi zaidi.

Basi akaomba daftari. Kama hapakuwa na cha kupunguza, alau akitazame hicho kisichopunguzika kwa macho yake, mstari kwa mstari. Shangazi alisita. Alisema mbona nambari zote ziko kwenye fomu. Bi Moshi akalichukua mwenyewe rafuni, pale pale lilipokuwa linakaa tangu utotoni mwake, akakaa juu ya pipa la sabuni na kufungua ukurasa wa mwezi uliopita. Sabuni. Maji. Vumbi la mbao. Halafu gari, na gari lilikuwa na safu mbili. Safu moja iliandikwa Sokoni, lita kumi na mbili. Safu ya pili iliandikwa Muhuri, lita mia moja na moja.

"Hii Muhuri ni nini?"

"Ni ya gari. Hiyo niachie," shangazi alisema haraka, akanyoosha mkono kulichukua daftari.

Lakini Bi Moshi alikwishaelewa, na alipoelewa alijiona mjinga wa kutupwa. Alisimama akaenda mlangoni. Mbele yake ilikuwa barabara ya vumbi, na ng'ambo ya barabara lilikuwa geti la kituo cha afya. Aliweza kumsikia muuguzi akiita majina ya wagonjwa. Alivuka akihesabu hatua. Zilikuwa arobaini na moja.

Mashuka machafu yalikuja kwa hatua hizo arobaini na moja, kwa toroli. Lakini mashuka safi hayakuruhusiwa kurudi kwa njia hiyo. Mali ya manispaa lazima ipokelewe Stoo Kuu, ihesabiwe, hati ipigwe muhuri. Kwa hiyo kila siku ya kazi mashuka yalipakiwa kwenye gari, yakaenda kilomita kumi na tisa mjini, yakahesabiwa, hati ikagongwa muhuri, yakapakiwa tena, yakarudi kilomita kumi na tisa, yakashushwa ng'ambo ya barabara yalikotoka. Yakifika huko yamekwishakula vumbi la njiani, kiasi kwamba wauguzi huyakung'uta dirishani kabla ya kutandika. Safari ishirini na nne kwa mwezi. Bi Moshi aliliona gari lile likiingia makao makuu karibu kila asubuhi. Alikuwa akilipungia mkono.

Alipiga hesabu akiwa amesimama katikati ya barabara. Kila lita ya dizeli ni zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ya ukaa. Muhuri peke yake ulikuwa karibu sabini kwa mia ya hewa chafu yote ya shangazi yake. Madobi walikuwa safi. Aliyekuwa anachafua ni manispaa yenyewe.

Mtunza stoo alikuwa mzee mtaratibu aliyekuwa akiutunza muhuri ndani ya kopo la chai, na kopo lenyewe amelifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Bi Moshi alimfikia siku hiyo hiyo kabla ya saa nane. Alimwamkia kwa heshima, akaeleza, akaomba: mashuka yapokelewe na mkuu wa wauguzi pale pale kituoni. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mbishi. Alikubali kabisa kwamba jambo lile halina akili, akaongeza kwamba hata yeye mgongo unamuuma kwa kuhesabu mashuka ya watu kila asubuhi.

"Lakini mimi nafuata waraka, mama," alisema. "Niletee waraka mwingine, nitafuata huo."

Bi Moshi alimuuliza ni mtu gani mwenye akili timamu aliyeandika waraka wa namna hiyo. Mzee akasema hajui, ulikuja tu. Akauonyesha ukutani, umebandikwa nyuma ya plastiki iliyopauka, karatasi ambayo Bi Moshi alipita mbele yake miaka yote bila kuisoma.

Aliisogelea. Waraka ulisema kwamba kutokana na upotevu wa magodoro uliotokea karibuni, kuanzia tarehe hiyo mali zote, bila kujali aina wala umbali, zitapokelewa Stoo Kuu pekee. Maneno yale yalimgonga kabla hajafika chini. Bila kujali aina wala umbali. Alikumbuka alivyojisikia siku alipoyapata, alivyoyasoma kwa sauti ya chini mara mbili na kuona yana uzito. Alikuwa na miezi mitatu kazini. Bosi wa wakati ule, aliyekwisha kustaafu, alimwambia andika kitu kikali kuhusu yale magodoro, halafu utie sahihi kwa niaba yangu maana nina safari. Na chini kabisa, kwa niaba ya mkubwa, palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu uliopinda kushoto. Ilikuwa yake.

Mtunza stoo alimuuliza kama anajisikia vibaya. Alisema hapana, akaomba maji.

Miaka sita. Njia nzima ya kurudi mezani kwake alikuwa akizidisha kichwani, na hesabu haikukataa hata kidogo. Safari elfu moja mia saba ishirini na nane. Zaidi ya kilomita elfu sitini na tano, mashuka ya wagonjwa yameizunguka dunia mara moja na nusu ili yavuke barabara. Na yeye ndiye aliyekuwa akienda kwenye majiko ya watu na kalamu ya kijani kuwauliza wanapoteza wapi. Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Jumatano nzima aliandika. Waraka mpya ulikuwa na mistari minne, na alihakikisha hauna neno lolote zuri ndani yake. Alhamisi asubuhi aliupeleka kwa bosi pamoja na hesabu zake. Bosi aliusoma, akarudi kwenye ule wa zamani, akausoma na huo, akaanza kucheka.

"Bila kujali aina wala umbali," alisema. "Hivi ni mjinga gani aliandika hiki kitu?"

Bi Moshi angeweza kunyamaza. Sahihi haikuwa na jina, ni mkia tu, na aliyestaafu hakuwepo kujitetea. Tena kulikuwa na fomu ya kutangaza ndugu ndani ya faili lake, na kulikuwa na watu ofisini ambao wangefurahi kusikia kwamba mwenye kosa ni yeye na anayenufaika na marekebisho ni shangazi yake.

"Ni mimi, bosi," alisema.

Bosi aliacha kucheka. Halafu macho ya bosi yakaenda kwenye ukurasa wa pili, mahali palipoandikwa kwamba mzabuni atapunguza sabini kwa mia, na Bi Moshi akaona jinsi kichwa chake kinavyofanya kazi, kwa sababu mwezi ujao bosi alikuwa na mkutano wa manispaa zote na hakuwa na nambari hata moja ya kujivunia. Alisema waraka utoke leo leo. Alisema pia, huku akisukuma kalamu upande wake, kwamba kwa kuwa yeye ndiye anayelijua vizuri jambo hili, basi atie sahihi mwenyewe, kwa niaba. Likiharibika, watajua pa kuuliza.

Aliuma meno akatia sahihi.

Zile fomu nyingine ishirini na sita, bosi alisema ziachwe zilivyo mpaka mwakani, kwa kuwa zote zilikuwa kijani. Bi Moshi alikataa, wakabishana, na mwisho akapewa wiki mbili za kuzirudia moja moja, bila gari. Mfunga mifagio alipangwa wa kwanza.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa tena kwa shangazi, na waraka mkononi. Mkuu wa wauguzi alikwishapokea muhuri wake mdogo. Wanawake wanne walijitwika mashuka yaliyokunjwa, wakavuka barabara, yakahesabiwa dirishani, hati ikagongwa. Hata maji ya chai hayakuwa yamechemka. Walirudi wakicheka, mmoja akasema kumbe miaka yote hii walikuwa wanafanya kazi ya utalii. Kisanduku cha fomu kilikuwa kijani tangu saa mbili, safari hii kwa haki, na kazi ilibaki yao.

Shangazi hakucheka nao. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kukunjia, miwani puani, anausoma waraka.

"Shangazi, kuna jambo lazima nikwambie," Bi Moshi alianza. "Ule waraka wa kwanza, ule wa Stoo Kuu..."

"Mkia bado unaupindisha kushoto," alisema shangazi.

Bi Moshi aliitazama sahihi yake mpya.

"Sahihi hiyo uliianza darasa la nne, nyuma ya daftari langu la sabuni. Ulinimalizia kurasa tatu. Unafikiri nitaisahau?" Aliukunja waraka mara mbili, kona kwa kona, alivyozoea kukunja kila kitu. "Ulipokuja ule wa kwanza niliijua siku hiyo hiyo."

"Na hukusema."

"Ulikuwa na miezi mitatu kazini. Ningekwenda kulalamika, wangeuliza nani ameandika. Wangekurudisha hapa kwenye pipa."

"Miaka sita, shangazi. Kila siku. Ungeniambia hata nyumbani."

"Ungeenda kujishtaki. Si umekwenda?" Sauti yake ilipanda kidogo, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na uchungu. "Usidhani nilikuwa malaika humo garini. Nilikuwa nakutukana. Kilomita kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi, na likipasuka tairi nakutukana mpaka najionea aibu. Nikifika pale mjini nakukuta umesimama nje unanipungia mkono."

Bi Moshi alitaka kuomba msamaha. Shangazi hakumsubiri. Alikuwa amekwishafungua daftari kwenye ukurasa wa mwezi mpya. Aliweka rula, akapiga mstari mmoja juu ya safu ya Muhuri kutoka juu mpaka chini, akalifunga. Kisha akachukua shuka kutoka kwenye rundo lililobaki, akamrushia ncha mbili.

"Shika huko," alisema. "Na uvute vizuri, si kama ulivyokuwa unavuta zamani."